Siku mbili Bangkok: acheni maduka, pandeni boti

Ndugu zetu wanaopita Bangkok wakielekea Guangzhou, China, wakibakiwa na siku mbili, wengi huzimalizia ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi. Hakuna ubaya, ila maduka ya namna ile Dubai yapo, tena karibu zaidi na nyumbani. Sisi tunaoishi huku tungewaambia wakaangalie maji. Bangkok na Dar es Salaam zina joto, mafuriko ya aina moja na foleni zinazolingana. Tofauti ni kwamba huku maji yamefanywa barabara, na sisi wenye bahari tumebaki kupigana vikumbo Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

Kwanza kuingia, maana hapo ndipo watu wetu hukwama. Fomu ya kuingilia Thailand hujazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikudai pesa, umeingia isiyo yenyewe. La pili ni kadi ya njano. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo huulizwa chanjo ya homa ya manjano, na kaunta ya afya iko kabla ya uhamiaji. Usipopita hapo kwanza, utapanga foleni ndefu ya uhamiaji kisha urudishwe nyuma ukaanze upya. Chukua na adapta: plagi yetu ya miguu mitatu minene kwenye soketi za huku haiingii.

Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, treni ya mjini haizidi baht 45 (baht ndiyo pesa ya Thailand) na hufika Phaya Thai kwa takriban nusu saa. Hapo unapanda treni ya juu, BTS, unabadilisha Siam na kushuka Saphan Taksin. Gati la Sathorn liko chini ya daraja.

Gatini tazama bendera ya boti. Ya rangi ya chungwa ndiyo daladala ya mto: nauli ni moja, baht 16, ushuke karibu au mbali. Ya bluu ni ya watalii na bei yake ni ya juu zaidi, na ndiyo utakayouziwa kwanza ukisimama na begi mgongoni. Boti haikusubiri. Mtu wa nyuma anapuliza filimbi, inagusa gati, watu wanaruka, inaondoka, kwa hiyo sogea mlangoni mapema. Konda anapita akitikisa mkebe wa sarafu kama anavyofanya mwenzake wa Mbagala kwa kiganja. Mpe chenji, usimpe noti ya 1,000.

Shuka Tha Chang uende Kasri Kuu. Tiketi ni baht 500, milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na tiketi husitishwa saa tisa na nusu alasiri. Fika mapema, kwa sababu kuanzia saa tano ua ule hauna kivuli wala upepo, na joto la Bangkok halipozwi na bahari kama la Dar. Dera na kanzu hupita bila neno. Kaptula na fulana zisizo na mikono ndizo hurudishwa. Nje ya ukuta atatokea mtu nadhifu akwambie leo kasri limefungwa, halafu akuitie bajaji ya kukuzungusha kwa baht 20. Kasri halijafungwa. Mzunguko ule huishia duka la vito, na kutoka nchi ya Mererani kuja kununua vito kwa bei ya mtalii ni aibu kidogo.

Wapo wanaokasirika kwamba Mthai anaingia bure na mgeni analipa. Waende Ngorongoro wakasome ubao wa viingilio.

Hekalu la Wat Pho, penye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46, unafika kwa miguu. Kivuko cha kwenda hekalu la Wat Arun ng'ambo ni baht chache tu. Mchana rudi kwa boti hadi gati la Oriental. Nyuma ya mtaa huo kuna Msikiti wa Haroon, na vyakula vya halali viko jirani. Jambo hili lina uzito, kwani nyama ya nguruwe huku huingia hata kwenye supu ya mboga. Tafuta alama ya halali yenye umbo la almasi, usitegemee maelezo ya muuzaji.

Jioni ya siku ya pili, panda boti ya mfereji wa Saen Saep kutoka Panfa Leelard hadi Pratunam. Hii ndiyo ningependa madiwani wetu waione. Mfereji ni mwembamba, maji ni meusi na yananuka, hakuna wa kukudanganya. Lakini wafanyakazi wa maofisini wanaruka ndani kila siku, kwa sababu barabara ya juu imesimama na boti haisimami. Makonda hutembea ukingoni kwa nje wakiwa na kofia ngumu, na paa hushushwa chini ya madaraja mafupi. Ukikaa pembeni, kamba ya turubai ni kazi yako: ivute boti nyingine ikipishana nanyi, la sivyo yale maji yatakupata usoni. Pratunam penyewe ni kwa wanaonunua nguo za jumla, na bei hushuka ukichukua vipande vitatu au zaidi.

Najua jibu la wataalamu wa nyumbani ukiwaambia Dar nayo itumie boti: mto hauna kusi wala kaskazi, bahari inazo. Ni kweli, na boti ya Dar hadi Bagamoyo haikudumu. Ila kivuko cha Kigamboni kinafanya kazi kwa sababu safari ni fupi na watu wapo tayari. Tatizo la boti ndefu huwa pale mtu anaposhuka akakuta hakuna cha kumfikisha kazini. Huku kila gati kubwa lina treni, basi au pikipiki mlangoni, na dereva wa pikipiki ana kizibao cha chungwa chenye namba. Bodaboda tunazo tayari. Kasoro ya Bangkok ni tiketi: treni ya juu, ya chini na boti kila moja ina yake.

Kurudi uwanjani, usikubali teksi kati ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku. Ile treni ya baht 45 hufanya kazi hadi karibu saa sita usiku.