Ngoma Ikae Nyuma, Tukae Chumba Kimoja

Mwezi uliopita tulirekodi lahani 11 za Kiayalandi jikoni kwa rafiki yetu, huku Clare, magharibi ya Ayalandi. Tulikuwa watano: fidla, filimbi ya mbao, konsatina (kinanda kidogo cha mkononi chenye mvukuto), gitaa, na mimi na bodhrán yangu. Jina hilo kwa ulimi wetu ningeliandika "baurani", na ukiiona ngoma yenyewe utaitambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa dufu: duara la mbao, upande mmoja umewambwa ngozi ya mbuzi, upande wa pili wazi. Ila dufu twalipiga kwa vidole, na hii hupigwa kwa kijiti kifupi, huku mkono wa pili ukiingia nyuma na kubonyeza ngozi kwa ndani ili kupandisha na kushusha sauti. Mimi nimekulia Unguja kwenye dufu za maulidi, na mkono huo wa nyuma ndio ulionitesa miaka.

Ninaloamini ni hili: muziki huu urekodiwe watu wakiwa pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja, bila metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, masikioni. Na mpiga ngoma awe wa kwanza kulikubali jambo hilo, ingawa ndiye linayembana kuliko wote.

Nasema hivi kwa kuwa njia nyingine tuliijaribu. Mwaka juzi tulikwenda studio, kila mtu akapewa kibanda chake na hedifoni zake, na katikati ya hedifoni kitu kinagonga ti, ti, ti. Mitambo ilikuwa mizuri na fundi alikuwa mtu muungwana. Tulitoka na kazi ambayo kila pigo limekaa mahali pake, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuisikiliza tena.

Lahani za Kiayalandi hazipimwi kwa rula. Jigi, lahani ya kuchezea, ina mapigo sita katika makundi mawili ya matatu, lakini mpiga fidla wa huku huikawiza kidogo noti ya kwanza ya kundi na kuiharakisha inayofuata, na mvuto huo mdogo ndio unaomnyanyua mchezaji mguu. Kwa kawaida lahani ina sehemu mbili za baa 8 (baa ni fungu moja la mapigo), kila sehemu hurudiwa, jumla baa 32. Ukishaizungusha mara mbili au tatu unavukia lahani nyingine bila kusimama. Kwenye kuvuka hapo ndipo utamu wote ulipo. Hakuna aliye na karatasi mbele yake. Anayeongoza hunyanyua nyusi, au hutupa sauti "hap!", na sote tunavuka naye, mara nyingi kwa kasi iliyopanda kidogo kwa sababu lahani mpya imetufurahisha. Ukiwa umefungiwa kibandani peke yako, nyusi hizo utaziona wapi? Na metronomu haijui furaha.

Kuna sababu ya pili, na inanigusa mimi mwenyewe. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Studio ile ilinipa nafasi ya kuvuta: ngoma yangu ina maikrofoni yake, naweza kuomba ipandishwe, itiwe mwangwi, itiwe besi, hata kama mkono wangu haukustahili. Jikoni hakuna hayo. Sauti ya ngoma inaingia kwenye maikrofoni za wote, na ikishaingia haitoki.

Jioni ya kwanza nilipiga kama ninavyopiga kwenye baa ya vinywaji, penye kelele za watu na gilasi. Tulipokaa kusikiliza, filimbi ilikuwa imemezwa. Ningepunguzwa vipi? Nilikuwa ndani ya maikrofoni ya fidla, ndani ya ile ya konsatina, mpaka kwenye gitaa. Lahani 3 za jioni ile tulizifuta zote. Niliona aibu, maana wenzangu walikuwa wamepiga vizuri. Mzee wetu wa fidla hakunilaumu. Alisema tu, "Kesho piga kama mtoto amelala chumba cha pili."

Basi kesho yake tulianza kwa kupanga chumba. Sakafu ya jiko lile ni ya mawe, tukatandika zulia na kutundika mablanketi mawili ukutani. Ngoma ya namna hii hutupa sauti yake mbele na nyuma. Ubavuni, kwenye ukingo wa mbao, sauti hupungua sana. Nikahamia pembeni kabisa na kugeuka hadi ukingo ukaitazama fidla. Maikrofoni yangu tuliirudisha nyuma kama sentimita 40, kwa sababu ukiisogeza karibu besi huvimba na kijiti hakisikiki kinasema nini. Ngozi nayo ina tabia zake. Mvua ikinyesha inalegea, na Clare mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, inanyesha tu. Unguja dufu likilegea tunalipasha moto. Hapa niliiegemeza karibu na jiko la kuni, nikaisahau, ikakaza hadi ikalia kama ndoo. Nikaipangusa kwa ndani na kitambaa chenye unyevu na tukanywa chai mpaka ikarudi.

Wapo watakaosema rekodi ya chumba kimoja haisahihishiki. Ni kweli. Na marafiki waliotawanyika nchi tatu hawana budi kutumiana mafaili. Sina ugomvi nao. Lakini wanaokaa mji mmoja wasikimbilie vibanda kwa kuogopa makosa.

Tena tukumbuke sisi wenye ngoma ni wageni wa juzi katika muziki huu. Bodhrán ilikuwa zaidi ngoma ya tarehe 26 Desemba, vijana wanapopita nyumba kwa nyumba siku ya Wren, yenye jina la ndege mdogo. Aliyeipandisha jukwaani ni mtunzi wa muziki Seán Ó Riada, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lahani nyingi zilikuwa zimeshaishi vizazi bila sisi.

Na asiyefuata lahani atasikika milele. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia Marekani mwaka 1914, alirekodi New York sahani za santuri zilizorudi Ayalandi na kubadilisha upigaji wa fidla nchi nzima. Kwenye baadhi ya sahani za enzi ile unamsikia mpiga piano asiyeijua lahani, anagonga kodi (noti za pamoja) zisizohusika, na fidla inakwenda zake kama haimsikii. Karibu miaka 100 imepita na piano bado ipo palepale. Kila nikizisikiliza namkumbuka Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, akaenda na wapigaji wake mwenyewe. Walikuwa watu waliokwishamjua pumzi yake. Unasikia tofauti.

Jigi tuliyoichagua kufungulia albamu ni ya siku ya tatu, usiku, sote tumechoka. Mzunguko wa kwanza sipigi kabisa. Fidla inaanza peke yake, konsatina inaingia katikati ya sehemu ya pili, kiti cha gitaa kinalia kidogo na tumekiacha kilie. Mzunguko wa pili, ukisikiliza kwa makini, kiganja changu kinateleza nyuma ya ngozi, halafu linakuja pigo la kwanza, chini kabisa. Nilimpa mke wangu asikilize. Alirudia mara mbili, kisha akaniuliza ngoma imeingilia wapi.