Jiliwa la Fundi wa Mageti na Kalamu ya Mpingo

Kalamu ya mbao iliyokerezwa kwa mkono ina hatua moja inayomtoa fundi jasho, nayo si kukereza. Ni zile dakika tatu nne za mwisho. Mbao imeshapigwa msasa, inang'aa kama sahani, na sasa unasukuma vyuma viingie ndani yake. Mpingo uliokula nusu siku yako unaweza kulia ta! ukapasuka, na hakuna gundi itakayouficha ufa ule.

Kwa hatua hiyo kuna kifaa chake maalumu, presi ya kalamu: kijimashine cha kukaa juu ya meza, kina wenzo upande mmoja na kizuizi upande wa pili, na kazi yake ni moja tu, kusukuma kipande kiingie kimenyooka. Mimi sijaiona katika duka lolote la vifaa hapa Kisumu. Ukiitaka utaiagiza ng'ambo, na bei uliyoiona kwenye skrini ikishabeba usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, unaanza kujiuliza kama kazi ya dakika tatu inastahili pesa hizo. Ndiyo maana wachache ninaowajua wanaotengeneza kalamu huku kwetu hubana kwa jiliwa (vaisi, kama wengi tunavyoliita), kwa drili ya kusimama, au kwa chochote chenye nguvu ya kusukuma.

Ni ujanja wa maana au ni kujiponza? Wapo wanaoshikilia kwamba kazi safi inataka kifaa chake, na kwamba jua kali, yaani mafundi wa vibandani, imezoea mno kulazimisha vifaa. Wengine wanasema presi ni wenzo na taya mbili tu zilizopakwa rangi nzuri. Nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na naona wote wanabishana juu ya hatua ambayo si yenyewe inayoua kalamu nyingi. Lakini tuanze na hiyo wanayoibishania.

Kalamu ya kuzungusha, ile nyembamba ambayo wengi huanza nayo, ina mirija miwili ya shaba inayoingia katika tundu la milimita 7, kila mmoja urefu wake zaidi kidogo ya sentimita 5. Unatoboa mbao, unagandisha mrija ndani kwa gundi, unakereza mbao mpaka ilingane na bushi, vile vipete vya chuma vya kupimia unene vilivyo kila upande. Baada ya hapo ni kubana. Ncha huingia upande mmoja wa mrija wa chini, kizungushio kinachotoa na kurudisha kijiti cha wino huingia upande wa pili, na mrija wa juu hupokea klipu na kofia yake. Hakuna skrubu, hakuna gundi. Chuma kinashikana na chuma kwa kubanana tu, kwa hiyo kikianza kuingia kimeinama, hakuna kitakachokinyoosha.

Hapo wanaotaka presi wana hoja nzito. Jiliwa halikuundwa kwa kazi hii. Skrubu yake iko chini, kitu unachobana kiko juu, na ukikaza, taya la mbele hutaka kuinama kidogo kurudi nyuma. Kwenye jiliwa jipya huoni kitu. Kwenye jiliwa la kibanda cha mafundi Kibuye, lililobana vyuma vya mageti miaka na miaka, mchezo huo unauona kwa macho. Mara ya kwanza niliazima moja la namna hiyo kwa fundi wa kuchomelea, nikaiweka kalamu juu kabisa ya taya ili niione vizuri, nikapasua mbili za mpingo asubuhi moja. Mzee akaziokota, akazigeuza mara moja, akasema, "Kijana wangu, hii haikupasuliwa na nguvu. Imepasuliwa na mshazari."

Alikuwa sahihi, na dawa yake haikugharimu shilingi. Kalamu ishushe chini iwezekanavyo, karibu na skrubu, na iwe katikati ya taya, isikae pembeni. Kisha taya zivishwe vipande viwili vya mbao ngumu vilivyopigwa randa vikawa sambamba. Mimi natumia mvule wa sentimita mbili, na upande unaogusa klipu nimegandisha kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, kwa sababu klipu zile za rangi ya dhahabu huchubuka hata kwa kutazamwa vibaya. Watu hushauri ngozi. Mimi siipendi: ngozi hubonyea, kipande kikazama upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo umerudi kwenye mshazari wa mzee.

Ukishalitengeneza hivyo, jiliwa linaipita presi mahali ambapo wenye presi hawapataji. Skrubu ya jiliwa la kawaida husogeza taya milimita chache tu, kama 4 au 6, kwa mzunguko mzima. Robo ya mzunguko, basi, ni kama milimita moja. Wenzo wa presi hupita umbali huo kabla mkono haujahisi kitu. Na milimita ndiyo kesi yenyewe, maana kizungushio lazima kisimame mahali pake hasa. Kikizama mno, wino haurudi ndani hata ukizungusha, na mwenye kalamu atachafua mfuko wa shati. Kisipozama vya kutosha, ncha ya wino haichomozi. Kwa hiyo unakaza robo mzunguko, unatoa, unatia wino, unazungusha, unaangalia, unarudisha. Nikiwa na jiliwa nafanya hivyo mara tano bila hofu. Nikiwa na wenzo, mkono wenyewe hutaka kumaliza. Haki iseme lakini kwamba presi nyingi zina mahali pa kuweka kizuizi, na ukishakipima kwa kalamu ya kwanza, ya ishirini itatoka sawa na hiyo.

Drili ya kusimama nayo ina kizuizi cha kina tangu kiwandani, jambo ambalo wengi husahau. Unachomoa plagi, unabana kijiti cha mbao ngumu mahali pa keekee, unahakikisha kwa skwea kwamba meza yake iko pembe mraba, kisha unasukuma kwa mkono wake. Kazi hutoka nzuri, na siku ambayo stima imepotea mtaa mzima haina shida, kwa sababu huihitaji. Klampu za mkono naziweka mwisho kabisa. Ukizikaza hupinda, na mkono mmoja unabaki kushika kalamu inayotaka kuruka.

Kwa maoni yangu kilicho bora kuliko vyote kiko tayari mbele ya fundi: mashine yenyewe ya kukereza. Kichwa chake cha nyuma, kile kinachosogezwa kwa gurudumu la mkono, kimelinganishwa na kichwa cha mbele kwa lazima, la sivyo isingekereza kitu. Toa ncha zote mbili za mashine zinazoshika mbao, tia vijiti vya mbao vyenye uso bapa mahali pake, zungusha gurudumu taratibu. Ni skrubu, kama jiliwa, lakini mstari wake umenyooka, kama presi. Aliye na mashine hiyo akanunua presi, basi ana pesa za kuchezea au ana oda kubwa.

Hapo basi nasimama na watu wa jua kali. Nawaacha wakianza kuubeba ushindi huo kuupeleka kwenye hatua nyingine.

Kwa mfano, wapo wanaokereza kalamu kwa hiyohiyo drili ya kusimama: ufito umebanwa juu, mbao inazunguka wima, patasi inasukumwa kutoka ubavuni. Yawezekana, na kwa msasa peke yake labda. Lakini bearingi za drili zimeundwa kubeba msukumo wa kutoka juu kwenda chini. Kinachoshika keekee, kwenye drili nyingi, kimekaa kwenye shina la umbo la koni kwa msuguano tu. Kukisukuma kutoka juu ni kukikaza. Kukisukuma kutoka ubavuni huku kinatetema ni kukilegeza, na kikidondoka kikiwa kinazunguka hakichagui pa kuangukia. Hapo sioni pande mbili za kupima.

Kisha kuna ile hatua ninayosema ndiyo inayoua kalamu: kusawazisha miisho ya mbao baada ya kugandisha mrija. Mwisho wa mbao ukiwa na mshazari hata mdogo, bushi haikai sawa, mbao inakerezwa ikiwa imelala upande, na wakati wa kubana klipu inagusa ukingo mmoja kabla ya mwingine. Ukingo ule unabeba msukumo wote peke yake. Unapasuka, na fundi anasema jiliwa ni baya, au anasema angekuwa na presi. Presi ingeupasua vilevile, tena kwa haraka zaidi.

Kifaa cha kazi hiyo ni kisu cha duara chenye mhimili wa chuma unaoingia ndani ya mrija, kwa hiyo kinakata mwisho wa mbao kwa pembe mraba na mrija wenyewe. Mbadala wake ni kusugua mbao juu ya msasa uliogandishwa kwenye kioo, ukiiegemeza kwenye kipande cha mbao cha pembe mraba. Nimeufanya mbadala huo mwaka mzima. Tatizo lake ni dogo na halitibiki: unalinganisha na ubavu wa mbao, ilhali tundu mara nyingi limetoboka likiwa limeenda upande kidogo. Ubavu unaonekana, mrija hauonekani, na kalamu hufuata mrija.

Kuhusu gundi sina mengi. Ikiganda ndani ya mdomo wa mrija inapunguza nafasi, na chuma kikilazimishwa kupita, mrija hutanuka na mbao hupasuka. Kabla ya kuupaka mrija gundi, uchomeke kwenye kipande cha kiazi kibichi upate kizibo, halafu ukisukume nje baadaye kwa kijiti. Hii ndiyo zana mbadala ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua, na inabaki ya kutosha chipsi.

Mbao yenyewe pia iwe imekauka kwelikweli. Shaba haisinyai, mbao husinyaa, na ikisinyaa juu ya mrija usiosogea hupasuka miezi mitatu baadaye mfukoni mwa mteja, huku wewe ukiwa umeshasifiwa na kulipwa.

Turudi kwenye presi, maana kuna jambo la kuitetea ambalo halihusu usahihi hata kidogo. Jiliwa la kuazima lina mwenyewe. Msimu wa mahafali, mtu anapotaka kalamu arobaini za wahitimu wa Maseno kabla ya Ijumaa, mwenye jiliwa naye ana geti la kumaliza kabla ya Ijumaa hiyohiyo. Unavua vipande vyako vya mvule, anabana chuma, anapiga tupa, unarudi, unavivika tena, unapima tena. Na vumbi la chuma limebaki. Vumbi hilo likikaa kwenye mbao yenye tanini, kama mkaratusi, likakutana na jasho la kiganja, linaacha doa jeusi lisilotoka kwa kufuta. Nimewahi kutoa kalamu tisa zenye alama ya kidole changu mwenyewe, nyeusi tii. Anayehesabu muda, na anayemwachia mwanagenzi kazi ya kubana huku yeye anakereza, ana sababu ya kununua presi kuliko mimi ninayetengeneza tatu kwa wiki.

Mimi bado sijainunua. Kwenye foleni ya pesa zangu kile kisu cha duara kiliipita, na nimeshakinunua mara mbili, kwa sababu cha kwanza mpingo ulikifanya butu kabla sijajifunza kukinoa.