Kuiburuza kampuni kubwa Maromboso: inalipa?

Hoteli ya kampuni kubwa hapa Arusha inakula mboga za mama wa Tengeru miezi mitatu, na kila akifuata malipo anapigwa danadana: mhasibu yuko Dar. Jiji lina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ile ya Afrika Mashariki, lakini mlango wake yeye ni Mahakama ya Mwanzo Maromboso. Mahakama za Mwanzo husikiliza deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30.

Nguvu kubwa ya mahakama hii naiona kwenye wito kuliko hukumu. Kampuni iliyozoea kujibu "tunashughulikia" inabidi ilete mtu mwenye jina, asimame mbele ya hakimu, aoneshwe daftari lenye sahihi za mtunza stoo wao, aseme kama anazikana. Sitashangaa mhasibu akirudi ghafla kutoka Dar.

Ila kampuni haiishiwi pumzi haraka. Zamani mawakili hawakuruhusiwa humo. Tangu 2021 wanaingia pale anapoketi hakimu mkazi, yaani mwenye shahada ya sheria. Sioni dhambi hapo, maana kuna madai ya uongo pia. Kinachoumiza ni rufaa: ndani ya siku 30 shauri linapanda Mahakama ya Wilaya, kisha laweza kufika Mahakama Kuu. Mwaka 2012 huko California, mwenye Honda Civic ya mseto (ya petroli na umeme), aliyekuwa amejitoa kwenye kesi ya pamoja ambayo ingempa dola 100 au 200, alikwenda peke yake mahakama ya madai madogo ya Torrance kudai gari linakunywa mafuta kuliko lilivyotangazwa. Akashinda dola 9,867. Miezi michache baadaye Honda ikashinda rufaa. Na huyo alikuwa wakili wa zamani!

Kwa hiyo mambo ya kitaalamu, au yanayogusa wateja wengi, nisingeyapeleka kwa hakimu wa mwanzo. Hayo ni ya Tume ya Ushindani au kesi ya uwakilishi, ambapo wachache hudai kwa niaba ya wengi. Hukumu ya mama huyu haimsaidii jirani yake anayeidai hoteli hiyohiyo vitunguu. Deni lenye sahihi, hilo peleka.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye hati ya madai: dalali wa mahakama akishakamata gari la hoteli, nani atanunua mboga zake wiki ijayo? Ningekuwa yeye, ningefungua shauri siku deni likizidi faida ya kuendelea kuwauzia.