Mlevi aliyeua: afungwe au afundwe?

Sisi Zanzibar jela tunaiita Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia kifungo humo ni mwanafunzi. Kwa hiyo lile suali la barazani, kila dereva mlevi anapomgonga mpanda baskeli akafa, la kama afungwe mpaka aote mvi au arekebishwe arudi kwao, kibao cha chuo hicho pale Kilimani kimeshalijibu nusu. Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Huyu mwanafunzi anakwenda kusomeshwa nini?

Niliwahi kwenda kuhani nyumba moja njia ya Fuoni. Marehemu alikuwa mkata majani ya ng'ombe, kagongwa magharibi akirudi. Baskeli yake imeegemezwa ukutani, gurudumu la nyuma limekunjika, na mpira bado umeyabana majani kwenye karia. Mbuzi wa jirani akiyachomoa moja moja. Taa haikuwa nayo, na wapo waliolisema hilo pale pale matangani, kama kwamba taa ingemlevua mtu. Mjane keshaingia eda. Ukumbini wamekaa wazee wawili wa upande wa dereva, na mchele na bahasha.

Wanaotaka kifungo kirefu siwabezi. Pombe haimwingii mtu kinywani kwa bahati mbaya, na ufunguo kaushika mwenyewe. Uingereza mwaka 2022 ilipandisha adhabu ya juu kabisa ya dereva mzembe anayeua akiwa amelewa, kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha. Kwetu kuna la zaidi: aliyeua ana gari, aliyekufa ana baskeli. Hukumu nyepesi mtaani husomwa kuwa ni bei ya roho ya masikini.

Lakini mlevi akiwasha gari hapigi hesabu ya miaka. Anachowaza ni kama kuna trafiki mbele wenye kipimo cha pumzi. New South Wales, Australia, ilipoanza Disemba 1982 kuwasimamisha madereva wowote na kuwapima, vifo vilishuka. Kilichowatia adabu ni kujua kwamba watakamatwa.

Halafu kuna aibu. Kisiwa hiki mtu hunywa kwa kificho, na mwenye kunywa kwa kificho hawezi kumpigia simu kaka yake aje kumchukua. Hujiendesha mwenyewe, usiku, kwa njia za ndani. Ndiyo maana habari ya tiba siioni kuwa ya kizungu. Kwa unga tumeshakubali kuwa mraibu hutibiwa: soba hausi, yaani nyumba za kuwasaidia waraibu waache, zipo, na dawa ya methadoni hutolewa hospitali ya Kidongo Chekundu. Mlevi wa pombe tunamtukana tu, basi. Akifungwa miaka mitano bila ya kutibiwa, anatoka na kiu ile ile.

Ninachokiogopa zaidi ni ile bahasha. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa inataja diya kwa jamaa wa aliyeuliwa kwa kukosea, isipokuwa wakisamehe. (Kama kulewa kisha kushika usukani bado ni kukosea tu, hilo nawaachia masheikh.) Ila makadhi wetu kazi yao ni ndoa, talaka na mirathi; kesi hii ni ya jinai, na mwenye kushitaki ni serikali. Familia ikisamehe, imesamehe haki yake. Haina mamlaka ya kumsamehe kwa niaba ya mpanda baskeli wa kesho. Lakini shahidi asipotokea mahkamani, hapana hukumu ndefu wala fupi.

Mimi ningeridhika na kifungo cha wastani kisichokwepeka, matibabu yaanze humo humo ndani, leseni izuiliwe miaka mingi baada ya kutoka, na fidia ya mjane iamriwe na hakimu mbele ya watu. Miaka ishirini ya kwenye karatasi siitaki.

Eda ya yule mama ilipokwisha, baskeli aliiuza chuma chakavu. Dereva nilimwona wiki ile ile, yuko kwenye foleni ya petroli.