Leza kwanza au fomalini kwanza?

Ukichukua kipande cha uvimbe wa shingo ya kizazi na kukisaga chote ili upime protini zake, utakuwa umepima saratani na mengine mengi: mishipa ya damu, seli za kinga, nyuzinyuzi za kiungo, hata damu iliyomwagika wakati wa kukata. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu, ni mfano mzuri zaidi kwetu, kwa kuwa daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa hapa kwenye Hospitali ya Mulago, Kampala. Chini ya hadubini, seli za saratani zimebanana na kujaa rangi nzito, na kati yake kuna madoa meupe ya makrofaji, yaani seli zinazokula mabaki ya zile zilizokufa. Wanapatholojia, yaani wataalamu wa kuchunguza tishu, huliita umbo hilo anga lenye nyota. Ukipima yote kwa pamoja, utajuaje protini ipi imetoka kwenye anga na ipi kwenye nyota?

Ukataji wa tishu kwa leza ulibuniwa kujibu swali hilo. Njia ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996 na watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Leza iliyeyusha utando mwembamba wa plastiki juu ya seli zilizochaguliwa, utando ukazinasa na kuzibandua. Mashine nyingi za siku hizi hutumia leza ya urujuanimno. Kinyama hukatwa unene wa mikromita 10 hivi, hulazwa juu ya slaidi yenye utando, kisha mtaalamu huzungushia mstari kwenye skrini, kwa mausi, seli anazozitaka. Leza hufuata mstari huo, na kipande hudondoka ndani ya kifuniko cha kichupa. Kazi yote inasimama juu ya jicho la aliyechora ule mstari, na hilo nitalirudia.

Wanaotaka teknolojia hii iletwe Uganda wana hoja nzito. Dawa nyingi mpya za saratani hulenga protini, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu protini hizo imetoka kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Saratani zetu nyingi zimefungamana na virusi: Burkitt na kirusi cha Epstein-Barr, saratani ya Kaposi na kirusi chake kilichogunduliwa mwaka 1994, shingo ya kizazi na HPV, yaani kirusi cha papiloma, na VVU juu ya yote. Nani atazichunguza kwa kina kama si sisi tunaoishi nazo? Mbinu zenyewe pia zimekomaa. Mwaka 2022 kundi la mtafiti wa protini Matthias Mann lilionyesha jinsi akili bandia inavyoweza kuteua seli kwenye picha, leza ikazikata, kisha protini maelfu zikasomwa kutoka seli mia chache tu.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Vinasaba vikiwa kidogo huzidishwa maabara hadi vitoshe, lakini protini haizidishwi. Ulichokata ndicho ulichonacho, kwa hiyo unahitaji mashine ya bei kubwa ya kupima uzito wa vipande vya protini, umeme usioyumba na fundi wa kuitika ikizimika. Tunakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale Mulago, wagonjwa wakakaa zaidi ya mwaka mmoja bila tiba hiyo. Mashine ya utafiti haitaombewa pesa hata kwa haraka ya ile ya mionzi.

Ila kinachonisumbua mimi zaidi kinatokea kabla leza haijawashwa. Kwa saratani ya matiti, mwongozo wa Marekani unataka kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, iliyosawazishwa isiwe asidi, ndani ya saa 1, na kikae humo saa 6 hadi 72. Sasa fikiria kinyama kilichotolewa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, kimesukumizwa ndani ya chupa ndogo yenye fomalini ya kulowesha tu, wakati kanuni ni fomalini mara 10 ya tishu. Katikati ya kinyama, protini zinaoza huku pembeni zikiwa zimeshahifadhiwa. Fomalini isiyosawazishwa hugeuka asidi na kuacha chembe za kahawia iliyokoza juu ya slaidi, kitu ambacho mwanapatholojia hukitambua mara moja. Leza itakikata kinyama hicho vizuri sana, na kitakachopimwa ni safari ya chupa.

Je, tusubiri? Hapana. Mwishoni mwa 1963 sampuli ya Burkitt iliruka kutoka Kampala kwenda London, ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, na ilipofika maji yake yalikuwa na ukungu wa seli zinazoelea. Kutokana nazo Anthony Epstein na wenzake wakakipata kirusi, wakakitangaza mwaka 1964. Sayansi ilifaidika, ila ujuzi wa kuikamilisha ulibaki kule kule.

Kwa hiyo naona tugawe kazi. Kwanza fomalini nzuri, chupa kubwa na saa iliyoandikwa juu ya kibandiko, kwa sababu hayo yanamsaidia hata mgonjwa wa leo anayesubiri majibu. Kisha mashine ya leza iwe moja, ya pamoja, karibu na wanapatholojia wa Makerere na Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mashine ya kupima protini isubiri. Vipande vikavu, vilivyokatwa kwenye tishu iliyohifadhiwa ndani ya nta, havidai barafu, vinaweza kwenda kupimwa nje, mradi mstari umechorwa hapa. Wapinzani watasema huo bado ni utegemezi, na ni kweli, lakini anayeamua seli ipi ikatwe ndiye mwenye swali la utafiti. Mkataba wa kusafirisha sampuli utamke wazi mambo mawili: bloku iliyobaki, yaani kile kipande cha nta chenye tishu, haiondoki Kampala, na data ghafi inarudi yote, si jedwali la matokeo peke yake.