Fripp alivikimbia vidole vyake mwenyewe

Jirani yangu hapa Mkomani, mtu wa taarabu tangu utotoni, alinikuta barazani na albamu ya 1969 ya King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, akatulia, akaipenda. Juzi nikamwekea ile ya 1981. "Huyu ni yule yule, bwana?" Ndiye. Robert Fripp, mpiga gita wa bendi hiyo. Wapenzi wengi wa roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu na midundo tata, husema miaka hiyo kumi na miwili ilimkausha, gita likageuka hesabu tupu. Mimi nakataa.

Yule wa zamani alipiga ameketi kwenye stuli, jambo geni kwa roki (kwetu mpiga udi akisimama ndipo tungeshangaa), na noti zake zilivutwa ndefu kama za fidla. Mwaka 1972 mwanamuziki mwenzake, Brian Eno, akamwunganishia rekoda mbili za Revox kwa ukanda mmoja: ya kwanza inanasa, ya pili inacheza na kuirudishia ya kwanza, hivyo alichopiga sasa hivi kinamrudia baada ya sekunde chache naye anapiga juu yake. Mtu mmoja, kundi zima.

Bendi akaivunja 1974. Ilipofufuka 1981 alikuwa na mpiga gita wa pili, Adrian Belew, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Kila mmoja anarudia kipande kifupi, kimoja kimepungua pigo moja, basi vinaachana, vinakimbizana, halafu vinakutana tena. Wanaolalamika wanamtafuta Fripp peke yake, wakati muziki uko katikati ya hao wawili. Nani huenda Maulidi ya Riyadha akasikiliza tari moja tu?

Albamu ya 1984, nakiri, upande wa pili hunichosha.

Ila kinachonishinda kabisa kumvulia kofia vya kutosha ni cha mwaka uliofuata. Anakaribia miaka arobaini, jina analo, wanafunzi wanamjia, naye anabadilisha mlio wa nyuzi tano kati ya sita: C, G, D, A, E, G. Kila njia ambayo vidole vilikuwa vikiijua gizani ikafutika. Mwambie mpiga udi mwenye sifa afanye hivyo wiki moja kabla ya harusi, uone atakavyokutazama.

Jirani aliomba niirudie ile ya 1981. Akawa anahesabu kwa kidole pajani, midomo ikimcheza. "Hebu rudisha nyuma kidogo," akasema, "nimepotea."