Picha ya ubongo ndiyo iamue, si umbali wa Lamu

Katika mitaa ya Lamu, mzee akiamka alfajiri mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, mara nyingi kwanza huitwa mwalimu amsomee, kisha huletwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, anywe. Kisomo sikipingi, kwani kinaweza kusomwa hata ndani ya boti. Kombe ndilo linalonitia hofu, maana aliyepatwa na kiharusi huenda hamezi sawasawa, na maji yakaingia mapafuni.

Linaloniuma zaidi ni ile kauli ya adhuhuri: "Tumeshachelewa, bora abaki nyumbani." Ni kweli kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na sisi tuna maji ya kuvuka hadi Mokowe upande wa bara, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen. Lakini mwaka 2015 utafiti wa MR CLEAN wa Uholanzi, na mingine iliyoufuata, ulithibitisha faida ya kulitoa bonge lenyewe la damu katika mshipa mkubwa wa ubongo ulioziba: mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, hupandishwa hadi kichwani, na kijiwavu cha waya hufunguka ndani ya bonge na kulivuta nje. Mwaka 2018 utafiti wa DAWN ukawachukua wagonjwa wa kati ya saa 6 na 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho, wengi wao wakiwa wameamka na maradhi. Baada ya siku 90, asilimia 49 ya waliotolewa bonge walikuwa wakijitegemea, dhidi ya asilimia 13 ya wasiotolewa.

Si kila mgonjwa anafaa, na vituo vyenye wataalamu hao ni vichache nchini. Hata hivyo, anayefaa hutambuliwa kwa picha ya ubongo, inayoonyesha kwanza kama ubongo unavuja damu au mshipa umeziba, kisha ni sehemu gani imekufa na ipi bado inaweza kuokolewa.

Kwa hiyo naidai serikali ya kaunti boti ya wagonjwa yenye nahodha usiku kucha, na simu ipigwe kwenye hospitali yenye mashine ya CT, ya kupiga picha hiyo, kabla boti haijang'oa nanga. Nasi jamaa tuandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa daktari ataiuliza kabla ya kuamua lolote.